Chuo cha Umma Kinapopewa Shamba au Nyumba Zanzibar: Namna ya Kupokea, Kusajili na Kutunza

Mwongozo huu nimeuandika kwa watu wa aina mbili. Kwanza, maofisa wa chuo cha umma wanaoshika mambo ya mali, mipango na sheria, ambao siku yoyote wanaweza kuletewa barua ya mtu anayetaka kutoa shamba lake Pemba au nyumba yake Mji Mkongwe. Pili, familia inayotaka kutoa, ili ijue itaulizwa nini na isidhani kwamba chuo kinaleta ukaidi. Ardhi ni zawadi kubwa mno kwa Mzanzibari kuitoa, na ni zawadi inayoharibika kwa urahisi. Mtoaji anafariki, karatasi haionekani, mtoto wa ndugu anakuja na madai, na ofisini hakuna anayekumbuka mpaka ulipita wapi.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kilianzishwa kwa Sheria Namba 8 ya 1999, na kampasi zake zimetawanyika: Tunguu, Vuga, Nkrumah kule Beit el Ras, Maruhubi, Kizimbani, na Mchangamdogo kwa upande wa Pemba. Chuo chenye mali mbalimbali namna hiyo hakiwezi kuiendesha kwa kumbukumbu za kichwani. Ninayoyaeleza hapa si kanuni za ndani za chuo chochote. Ni utaratibu ambao kitengo chochote cha mali kinaweza kuufuata na mwanasheria wake akaupitia.

Kabla ya hatua yenyewe, weka mambo mawili sawa. La kwanza, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, chini ya mamlaka ya Rais, kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992. Anachokuwa nacho mtu ni haki ya matumizi, na hicho ndicho anachoweza kukitoa, pamoja na nyumba na miti iliyomo. La pili, ardhi si jambo la Muungano. Sheria za Ardhi za Tanzania Bara za 1999 hazifanyi kazi Unguja wala Pemba, kwa hiyo usichukue fomu ya hati kutoka Dar es Salaam ukabadilisha majina tu.

HATUA YA 1: Jua ni utoaji wa namna gani

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Mtu anasema "nimekipa chuo," na ofisa anaandika "zawadi." Lakini neno hilo moja linaweza kuwa na maana nne tofauti kisheria, na kila moja ina mlango wake.

Hiba ni kutoa ukiwa hai na kukabidhi ukiwa hai. Mtoaji anasema ametoa, chuo kinasema kimekubali, na mali inakabidhiwa: funguo zinatolewa, wapangaji wanaambiwa kodi sasa inakwenda chuoni, mkulima anaambiwa shamba lina mwenyewe mpya. Bila ya kukabidhi, hiba haijatimia. Kwa hiyo mama akisema, "Nyumba hii nimekipa chuo, lakini nitakaa humu mpaka siku ya kufa kwangu, ndipo waichukue," hiyo si hiba hata ikiandikwa HIBA kwa herufi kubwa juu ya karatasi. Maneno hayo yanaelekea kwenye wasia.

Wasia hufanya kazi baada ya kifo, na kwa Muislamu hauvuki thuluthi ya mali inayobaki baada ya gharama za maziko na madeni, ila warithi wakiridhia. Tuchukue mfano. Marehemu ameacha shamba la eka 6 na hana mali nyengine wala deni, na ameusia shamba lote liende chuoni. Ikiwa shamba lina thamani sawa kila upande, chuo kina eka 2. Nne zilizobaki ni za warithi mpaka wao wenyewe, kila mmoja kwa nafsi yake na akiwa mtu mzima, waseme wameridhia. Chuo kisiingie shambani wala kisiweke bango kabla mirathi haijagawanywa. Tena hiba iliyotolewa katika maradhi yaliyomchukua mtu hupimwa kwa kipimo hicho hicho cha thuluthi. Ndiyo maana nashauri ofisa wa chuo asikubali kabisa kuandikisha utoaji wa ardhi kitandani hospitali. Mwache mgonjwa apumzike. Akipona, njooni mzungumze.

Wakfu ni jambo jengine kabisa. Mali ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi na hairithiwi. Kinachotumika ni manufaa yake tu. Mtu akisema, "Nyumba yangu nimeiweka wakfu, kodi yake iwasomeshe watoto maskini chuoni," nyumba hiyo haikuwa ya chuo. Chuo ni mnufaika. Anayesimamia wakfu Zanzibar ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na huko ndiko pa kwenda kwanza, ili wakfu usajiliwe na ieleweke nani ni msimamizi, kodi inakusanywa na nani na inafika chuoni kwa njia gani. Siku chuo kitakapotaka kuibomoa nyumba hiyo na kujenga ghorofa, jibu liwe limeshajulikana: ofisa wa chuo hana uwezo huo. Wapo wanaouona wakfu kuwa mzigo kwa sababu hauuziki. Mimi naona hiyo ndiyo nguvu yake. Mali nyingi za wazee wetu zimefika hadi leo kwa sababu hakuna aliyeweza kuziuza.

Namna ya nne ni ruhusa ya kutumia. Familia inawaachia wanafunzi wa kilimo eka moja wafanyie majaribio, lakini ardhi inabaki yao. Huu ni wema mkubwa na unatosha kwa mkataba mfupi wa miaka inayotajwa. Tatizo lake ni kwamba baada ya miaka kumi watu husahau kwamba haikutolewa, chuo kinajenga ghala la matofali, na ugomvi unaanza. Andika tarehe ya kumalizika.

Asiyekuwa Muislamu, wosia na zawadi zake zinaangaliwa kwa sheria nyengine. Kwa Muislamu, mambo ya mirathi, wasia na wakfu yana mahakama yake, nayo ni Mahakama ya Kadhi. Ushauri wa Kadhi mwanzoni ni bora kuliko hukumu yake mwishoni.

HATUA YA 2: Mwenye mali ni nani hasa

Omba nakala hizi kabla ya kwenda kuliona shamba: kitambulisho cha mtoaji, hati au karatasi yoyote ya umiliki, karatasi ya mgawanyo wa mirathi kama mali ilirithiwa, na barua ya sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa shehia (mtaa au kijiji) lilipo shamba. Mtoaji akiwa Muscat au London na anatuma mtu, omba hati ya uwakala iliyothibitishwa na inayotaja mali hiyo kwa mipaka yake. Hati inayosema tu "anisimamie mambo yangu yote Zanzibar" haitoshi kwa kutoa ardhi.

Maswali mawili yanahitaji uangalifu zaidi. Moja ni mirathi isiyogawanywa. Shamba la babu, watoto wake saba, wawili wamefariki na wameacha watoto, na mjukuu mmoja mwenye moyo mzuri ndiye anayetoa. Mjukuu huyo anatoa fungu lake tu, na fungu lenyewe halijapimwa. Msimkatishe tamaa, mwambieni arudi kwa ndugu zake, faraidhi ipigwe, yaani fungu la kila mrithi lihesabiwe, kisha kila aliye radhi atie saini yake.

La pili ni eka tatu. Mashamba yaliyogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964 yalitolewa na Serikali kwa masharti, na si kila aliyeshika eka tatu anaweza kuihamisha kwa mwengine kama atakavyo. Usikubali neno la mdomo hapa. Peleka suala Kamisheni ya Ardhi kwa maandishi na subiri jibu la maandishi. Na ikiwa kabla ya 1964 shamba au nyumba hiyo ilikuwa na mwenyewe mwengine ambaye ukoo wake bado unaidai, chuo kijue mapema na kwa heshima. Chuo kinachofundisha haki hakiwezi kufumba macho juu ya asili ya ardhi yake. Marekani ilipotoa ardhi ya umma kwa ajili ya vyuo kwa sheria ya 1862, sehemu kubwa ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyeji wa asili wa nchi ile, na vyuo vyao vinaulizwa maswali hayo mpaka leo.

HATUA YA 3: Nenda ukatembee mpaka

Ramani hailioni kaburi. Siku ya kwenda shambani, hakikisha wapo mtoaji au mtoto wake aliyewahi kulima pale, sheha, majirani wa pande zote nne, mtu mzima mmoja anayekumbuka zamani, na mpima ardhi. Anzeni kona moja mzunguke kwa miguu mpaka mrudi pale pale. Msikatishe njia kwa sababu ya vichaka.

Kwa mfano mko kwenye shamba la mikarafuu karibu na Wete. Mtoaji anasema mpaka wa kusini unafuata mibono kutoka mwembe mkubwa mpaka kisimani. Jirani wa kusini akisema "ndiyo," mpige picha amesimama kwenye mwembe ule, kwa ridhaa yake, na mpima achukue nukta. Akisema "si hapo, ni pale kwenye mnazi," usimwambie mtoaji ajibu. Andika kauli zote mbili, mwambie sheha atie saini kwamba zimesemwa mbele yake, na mpaka huo uuite wenye mgogoro mpaka wao wamalizane. Mwembe utaanguka siku moja, kwa hiyo mkikubaliana, pandeni mawe ya mpaka ya mpima.

Mnapozunguka, ulizeni mambo haya bila kuona haya:

Kuna makaburi? Ya nani, na watu wanakwenda kuzuru? Yakiwepo, yatengwe kwenye ramani na njia yake iandikwe kwenye hati.
Kuna kisima kinachotumiwa na kijiji, njia ya kwenda pwani, au diko la wavuvi? Hivyo visifungwe. Chuo kinachofunga njia ya maji kinatengeneza uadui wa vizazi.
Kuna mtu analima muhogo au migomba kwa ruhusa? Tangu lini, na aliambiwa nini?
Kama shamba linafika ufukweni, mwisho wake ni wapi? Mikoko ni msitu wa hifadhi na haimo kwenye zawadi ya mtu yeyote.

Kisha miti. Wageni wengi hawalijui hili: Zanzibar shamba linaweza kuwa la mtu mmoja na miti iliyomo ikawa ya mwengine. Hesabuni mikarafuu, minazi, miembe na mishelisheli, na kila kundi muulize ni la nani na nani huchuma. Kwa mikarafuu kuna ushahidi mzuri ambao maofisa wengi hawaukumbuki. Karafuu huuzwa kwa Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar (ZSTC) peke yake, kwa hiyo mwombe mtoaji stakabadhi zake za misimu iliyopita. Kama stakabadhi zote zina jina la shangazi yake, mna mazungumzo ya kufanya na shangazi. Mikarafuu ikiwa si yake, hati iseme wazi kwamba inatolewa ardhi bila miti hiyo.

Jambo la mwisho hapa: kama mmekwenda kiangazi, rudini masika. Shamba lenye bonde linaloonekana kavu mwezi wa Januari linaweza kuwa maji ya magoti mwezi wa Aprili, na hapo ndipo mtajua kama linafaa kujengwa au ni la mpunga tu.

HATUA YA 4: Hesabu gharama kabla ya kusema "tumekubali"

Kwa shamba, gharama ni upimaji, uzio, mlinzi na usafi. Hizo zinakadirika. Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe ndiyo inayohitaji macho ya mtu anayezijua.

Panda juu kwanza, usianzie sebuleni. Tazama bati na mifereji: mfereji uliotoboka ndio unaoua nyumba hizi, kwa sababu maji yanateremka ndani ya ukuta wa mawe na chokaa. Kisha shuka ghorofa moja, utazame boriti pale zinapoingia ukutani. Boriti za mikoko huoza kwenye ncha zilizojificha ndani ya ukuta, si katikati unapopaona. Chukua bisibisi uichome taratibu karibu na ukuta. Ikizama kama kwenye mkate, sakafu hiyo haina dhamana. Halafu angalia plasta. Ukuta wa zamani uliopigwa saruji huzuia unyevu usitoke, chokaa ya ndani inalegea, na ufa unaouona nje ni mdogo kuliko uliomo ndani. Ukarabati unaofaa ni wa chokaa, unachukua muda, na mafundi wake si wengi.

Mji Mkongwe uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, kwa hiyo hata kubadilisha dirisha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Beit al Ajaib iliyojengwa 1883, nyumba maarufu kuliko zote visiwani, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa imo katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Nyumba ya zawadi yenye wanafunzi ndani yake si mahali pa kubahatisha.

Angalia pia nani anaishi humo. Mpangaji wa miaka mingi hatoki kwa sababu tu mwenye nyumba amebadilika, na chuo kisipokee zawadi ambayo hatua yake ya mwanzo ni kumtoa bibi kizee barazani.

Baada ya hapo piga hesabu. Huu ni mfano wa tarakimu za kufikirika: nyumba ikikodishwa inaleta shilingi 500,000 kwa mwezi, yaani 6,000,000 kwa mwaka. Ukiweka theluthi moja kwa matengenezo unabakiwa na 4,000,000. Ikiwa ukarabati wa kuifanya ikalike ni milioni 60, itachukua miaka 15 kurudisha fedha kabla mwanafunzi mmoja hajasomeshwa kwa kodi yake. Mwonesheni mtoaji hesabu hiyo. Pengine ana ndugu atakayechangia ukarabati, au pengine ataona bora kuiweka wakfu chini ya Kamisheni ya Wakfu.

Na chuo kiwe na ujasiri wa kukataa. Barua ya kukataa isipite ukurasa mmoja, iende kwa mkono wa ofisa mwenye cheo, na ianze kwa shukurani za kweli: "Mzee wetu, tumeipokea nia yako kwa heshima kubwa. Tumeikagua nyumba na tumeona kwamba chuo hakina uwezo wa kuilinda kama inavyostahiki, na tunaogopa iharibike mikononi mwetu." Mzee atahuzunika siku moja. Nyumba ikianguka na jina lake juu ya mlango, atahuzunika yeye na watoto wake.

HATUA YA 5: Andikeni masharti yanayoweza kutekelezeka

Mtoaji ana haki ya kusema anataka mali yake ifanye nini. Kazi ya chuo ni kumsaidia kuyasema kwa namna itakayodumu. Tazama sharti hili: "Shamba litumike kwa skuli ya ukulima milele." Likitimizwa miaka ishirini kisha chuo kikahamisha masomo ya kilimo kwengine, hakuna anayejua la kufanya, na shamba linabaki pori.

Afadhali liandikwe hivi: "Shamba litumike kwa mafunzo na utafiti wa kilimo. Ikiwa baada ya miaka 15 Baraza la Chuo litaona kwamba matumizi hayo hayawezekani tena, litachagua matumizi yaliyo karibu zaidi na nia yangu, baada ya kushauriana na watoto wangu walio hai, na mapato yoyote ya shamba yatasaidia wanafunzi wanaotoka Pemba." Nia imebaki, na mlango wa kutokea upo. Mwanasheria ayapitie maneno hayo pamoja na mtu mwenye elimu ya fikihi, maana sharti jengine, kwa mfano la mali kurudi kwa familia, linaweza kuivuruga hiba yenyewe.

Yapo masharti ambayo hayana mazungumzo: mjukuu kupata nafasi ya masomo, mtoto kuajiriwa ulinzi, kampuni ya ndugu kupewa ujenzi. Hayo yakitajwa, kikao kimekwisha. Jina kwenye jengo ni jambo jema na halina ubaya, lakini Baraza ndilo liamue, na iandikwe jina litakaa mpaka lini iwapo jengo litabomolewa.

HATUA YA 6: Kukubali na kusajili

Ofisa hakubali zawadi ya ardhi, wala mkuu wa kampasi. Sheria iliyoanzisha chuo na kanuni zake ndizo zinazosema nani mwenye uwezo huo, na kwa kawaida ni Baraza. Pelekeni kwenye Baraza ripoti moja yenye matokeo ya hatua zote zilizotangulia, na azimio liandikwe kwenye muhtasari kwa kutaja mali, mtoaji, namna ya utoaji na masharti.

Hapo ndipo hati inatiwa saini mbele ya mashahidi na makabidhiano yanafanyika. Uhamisho upelekwe Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi, iliyowekwa kwa Sheria ya Uhaulishaji ya 1994, kisha kwa Mrajis wa Ardhi ili mali iingie kwenye daftari kwa jina la chuo. Kwa jina la chuo, narudia, si la Makamu Mkuu wa Chuo, si la mkuu wa skuli, hata kama "ni kwa muda tu." Sherehe na picha zije baada ya usajili. Najua viongozi hupenda kinyume chake, lakini zulia jekundu likitangulia, hakuna tena mwenye haraka ya kwenda kwa Mrajis.

HATUA YA 7: Ingiza vitabuni

Viwango vya kimataifa vya hesabu za sekta ya umma vinataka mali iliyopatikana bila malipo iingizwe kwa thamani yake ya haki ya siku ilipopokelewa. Usiandike sifuri kwa sababu hamkulipa kitu. Mwombeni mthamini aitenge thamani ya ardhi, jengo na miti. Kama sharti linasema mali irudishwe ikiwa halikutekelezwa, mhasibu alijue hilo, kwa sababu mpaka litekelezwe ni deni kwenye hesabu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akija, atataka kuona namba ya mali, hati, thamani na mahali ilipo. Mali ya wakfu isichanganywe humo. Iwe na daftari lake.

HATUA YA 8: Itumie, na usiiuze kwa haraka

Ardhi inayolala huliwa. Kwanza mtu anafunga mbuzi, mwaka wa pili anapanda muhogo, wa tatu anamwaga msingi usiku. Na Sheria ya 1992 yenyewe inaruhusu haki ya matumizi kufutwa pale ardhi inapotelekezwa. Wekeni bango, pandeni miti ya mpaka, na mtu wa chuo apite kila baada ya miezi sita na kupiga picha kutoka nukta zile zile. Shamba la Pemba lisisimamiwe kutoka Tunguu. Mteueni mtu aliyepo Pemba, alipwe usafiri, na namba yake awe nayo sheha. Msingi ukionekana, barua iende wiki hiyo hiyo kupitia kwa sheha. Ukinyamaza mpaka paa liezekwe, mmeshafika Mahakama ya Ardhi.

Kuhusu kuuza, historia ina somo. Majimbo mengi ya Marekani yaliuza upesi ardhi waliyopewa kwa sheria ile ya 1862, mengine kwa chini ya dola 1 kwa eka. Texas ilifanya tofauti: iliwawekea vyuo vyake vikuu zaidi ya eka milioni 2 za ardhi kame ya magharibi iliyoonekana haina faida, ikazishika, na 1923 mafuta yakapatikana humo. Mpaka leo mfuko wake unavilisha vyuo hivyo. Sisemi tutapata mafuta Micheweni. Nasema thamani ya ardhi haionekani siku ya kupewa, na kukodisha kunamwachia mwenyewe nafasi ya kusubiri. Karibu nasi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliikodisha sehemu ya ardhi yake kwa mwekezaji, na Mlimani City ikafunguliwa hapo 2006, ardhi haikuuzwa.

Lakini mkataba wa kukodisha nao unahitaji macho. Mkataba mrefu upite Bodi ya Uhaulishaji kama uhamisho wowote. Nafasi itangazwe, isitolewe chini ya meza. Kodi iwe na kipengele cha kupitiwa kila baada ya miaka michache, na iandikwe nani ataimiliki nyumba iliyojengwa muda ukiisha. Kwa mikarafuu, msikodishe shamba kwa miaka mingi kwa mtu anayetaka kuchuma tu; kodisheni mavuno ya msimu mmoja, na mkataba useme tawi likivunjwa ovyo fidia ni kiasi gani. Mfanyakazi wa chuo au jamaa yake wa karibu akiomba kukodi, asishiriki kikao kinachoamua, na ombi lake lishindane na mengine hadharani. Mapato yaingie kwenye akaunti yenye jina la zawadi hiyo, yasitumbukizwe kwenye mfuko mkuu yakapotea kwenye mafuta ya magari.

HATUA YA 9: Faili na barua ya kila mwaka

Kila zawadi iwe na faili lake moja la karatasi na nakala kwenye kompyuta isiyokuwa kwenye jengo hilo hilo. Ndani: barua ya mwanzo ya mtoaji, kauli za majirani, picha za mpaka, azimio la Baraza, hati, ripoti ya mthamini, mikataba ya kodi. Ofisa akihamishwa au akistaafu, asikabidhi faili tu. Amchukue anayemrithi waende shambani pamoja, amwoneshe mawe ya mpaka na amtambulishe kwa sheha na majirani.

Kila mwaka familia iandikiwe barua ya Kiswahili, ukurasa mmoja: shamba limefanya nini, limeingiza shilingi ngapi, zimetumikaje, wanafunzi wangapi wamefaidika, na picha moja ya mwaka huo. Kama mwaka umekuwa mbaya na halikuingiza kitu, barua iende vilevile na iseme hivyo. Mtoaji akiwa amefariki, iende kwa mtoto aliyetajwa kwenye hati. Kama amehama na hapatikani, nakala ikabidhiwe kwa sheha kwa saini, na nyengine ibaki ndani ya faili.